Projekta Ilisingiziwa: Uchambuzi wa Onyesho Moja la Dokumentari ya Muziki

Ripoti ya kwanza ya waandaaji ilikuwa na pendekezo moja tu: projekta ni dhaifu, itafutwe nyingine ya lumeni 5,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye mashine). Filamu ilipoanza watu 140 walikuwa wamekaa. Ilipoisha walikuwa 47. Kwenye mjadala, ambao ndio uliokuwa sababu ya shughuli nzima, walibaki 19. Lawama ilikuwa rahisi kuibebesha mashine, kwa kuwa mashine haijitetei.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hitilafu zinazojirudia katika maonyesho ya aina hii, na vipimo vyake vimepangwa ili msomaji aweze kufuata hesabu na kuzihamishia kwenye uwanja wake. Filamu yenyewe haina jina hapa. Ni dokumentari ya dakika 84 inayowafuatilia wanamuziki watatu waliokimbia vita, nayo inauliza nani hulipwa nyimbo zao zinapouzwa mbali na walikozaliwa. Ina nyimbo tisa, jumla ya dakika 27. Karibu theluthi moja ya filamu, kwa hiyo, ni watu wanaoimba kwa lugha ambazo wengi wa watazamaji hawazijui.

Mahali palikuwa uwanja wa wazi wa kituo cha jamii. Kulikuwa na safu 15 za viti 10, skrini ya kitambaa ya upana wa mita 3.5, projekta ya lumeni 3,000, spika mbili juu ya meza mbili, kompyuta moja na jenereta nyuma ya safu ya mwisho. Ni vifaa vya kawaida, na vilitosha.

Watu walitoka lini?

Swali hili ndilo lililoiangusha ripoti ya kwanza. Kijana aliyepewa kazi ya kupiga picha za kumbukumbu alipiga picha ya uwanja kutoka pembeni kila baada ya dakika tano, kwa mazoea tu. Zilipohesabiwa, picha hizo zilionyesha kwamba katika dakika 20 za kwanza waliondoka watu tisa. Kati ya dakika ya 20 na ya 45 waliondoka 39. Waliobaki kuondoka, 45, walitoka mmoja mmoja hadi mwisho.

Dakika 20 za kwanza ndizo ambazo picha kwenye skrini ilikuwa mbovu kuliko wakati wote. Watu wakavumilia. Giza lilipokamilika picha ikawa safi, na hapo ndipo viti vilipoanza kubaki vitupu. Lililowatoa, basi, lilikuwa jambo jingine.

Mwanga, kwa ufupi

Hata hivyo projekta haiwezi kuachiwa bila kuangaliwa. Skrini ya mita 3.5 kwa 1.97 ina eneo la mita za mraba 6.9. Lumeni 3,000 zikigawanywa kwa 6.9 zinatoa laksi 435, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, lakini hiyo ni namba ya karatasini. Taa iliyokwisha kutumika na projekta iliyowekwa kwenye hali ya kupunguza kelele huacha kama theluthi mbili tu, yaani laksi 290. Filamu ilianza dakika 10 baada ya jua kuzama, wakati anga bado ilikuwa inamwaga laksi 60 hivi juu ya kitambaa. Sehemu nyeupe ya picha ilikuwa na 290 na 60, jumla 350. Sehemu nyeusi ilikuwa na 60 zile zile za anga, maana projekta haina namna ya kurusha weusi. Weupe ukauzidi weusi mara sita tu. Mandhari ya mwanzo, klabu ya usiku yenye taa hafifu, ikawa majivu matupu.

Sasa weka projekta ya lumeni 5,000 mahali pale pale, saa ile ile: 483 na 60, ukigawanya kwa 60 unapata tisa. Umetoka sita kwenda tisa kwa gharama ya mashine nzima. Ukisubiri dakika 25 na mashine ile ile ya zamani, mwanga wa anga unashuka hadi laksi chache na tofauti inapita 100. Karibu na ikweta giza la kutosha huingia dakika 20 hadi 25 baada ya jua kuzama. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini ndivyo machweo yanavyorefuka, na wakati wa kiangazi huko mbali na ikweta onyesho la nje linaweza kulazimika kuanza usiku sana. Wakati wa kusubiri usijazwe na hotuba. Ujazwe na kazi ya kupima sauti huku watu wakikaa, au na mpiga muziki mmoja wa hapo hapo.

Kosa lililofichwa na giza lilikuwa la urefu. Ukingo wa chini wa skrini ulikuwa sentimita 90 kutoka ardhini. Mtu aliyekaa kitini kichwa chake kinafika mita 1.2 hadi 1.3. Kuanzia safu ya nne kwenda nyuma, mistari ya tafsiri inayopita chini ya picha ilikuwa nyuma ya vichwa vya watu. Ukingo huo unapaswa kuwa mita 1.5 au zaidi. Skrini ikipanda hivyo upepo nao unaipata vizuri zaidi: upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma kitambaa cha ukubwa huu kwa nguvu ya kilo 30 na zaidi, kwa hiyo kamba nne za pembeni na mifuko ya mchanga kwenye miguu ya fremu si mapambo.

Sauti: spika zilizoshindana na jenereta

Safu ya kwanza ilikuwa mita 4 kutoka spika, ya mwisho mita 21. Nje, ambako hakuna kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka desibeli 6. Kutoka mita 4 hadi 21 ni kushuka kwa desibeli 14. Waliokaa mbele walipata desibeli 82, ambazo tayari ni kelele kwa mazungumzo. Waliokaa nyuma walipata 68.

Namba 68 peke yake si mbaya. Ubaya uko mita nane nyuma ya safu ya mwisho, ilikowekwa jenereta inayotoa desibeli 68 ukiwa mita 7 kutoka kwayo. Katika safu ya mwisho ilisikika kwa 67. Msikilizaji wa nyuma alikuwa na sauti ya filamu ya 68 mbele yake na ngurumo ya 67 mgongoni. Ili maneno ya mtu yaeleweke bila kukaza masikio, sauti yake inatakiwa iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Hapa iliizidi kwa moja. Ngoma ilisikika, gitaa la besi lilisikika, maneno hayakusikika. Na mtu akiulizwa baadaye kwa nini aliondoka, hasemi "uwiano wa sauti na kelele ulikuwa mdogo". Anasema filamu ilikuwa ndefu.

Fundi wa sauti alifanya kile ambacho karibu kila fundi hufanya: aliongeza sauti. Nyuma haikusaidia kitu. Mbele, watu wa safu mbili za kwanza walihamisha viti vyao pembeni, na wawili wakaondoka na watoto.

Kulikuwa na sababu ya pili iliyojificha ndani ya faili. Filamu ilikuja na njia mbili za sauti, moja ya stirio na nyingine ya 5.1, ile ya kumbi za sinema. Kompyuta ilichagua ya 5.1 yenyewe. Katika mpangilio wa 5.1 mazungumzo hukaa kwenye spika ya katikati, na programu ya kuchezesha inapoikunja sauti hiyo iingie kwenye spika mbili, mazungumzo mara nyingi hutoka chini kuliko muziki. Kuna programu na vifaa vinavyoiacha kabisa spika ya katikati, ukabaki na muziki mtupu na midomo inayochezacheza. Dawa yake ni ndogo: fungua orodha ya njia za sauti, chagua stirio, kisha sikiliza sehemu ambayo mtu anaongea huku muziki ukipiga chini yake. Ukisikiliza wimbo peke yake utadanganyika, maana wimbo utasikika vizuri kwa vyovyote.

Spika juu ya meza nazo zilikuwa zinapiga vifuani. Sauti kali za herufi kama s, t, k na f hubebwa na masafa ya juu, na masafa hayo humezwa na miili na nguo za watu wa safu za mbele. Herufi hizo zikipotea, maneno yanakuwa uji. Spika inatakiwa isimame juu ya vichwa, kitako chake kama mita 2.2 kutoka chini, ikiinamishwa kidogo kuelekea safu za nyuma.

Waandaaji walipojaribu kurekebisha kwa ajili ya onyesho la pili, wazo la kwanza lilikuwa kuazima spika mbili zaidi na kuzisimamisha mita 13 kutoka zile za mbele. Wazo si baya, ila lina mtego. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita 13 huichukua milisekunde 38. Umeme kwenye waya haungoji. Aliyekaa karibu na spika za pili alisikia pigo la ngoma kutoka hapo hapo, kisha milisekunde 38 baadaye pigo lile lile kutoka mbele. Kwenye jaribio, ngoma ya mkono iliyotakiwa kulia "ta" ililia "tata". Kwa filamu ya muziki hilo halisameheki. Spika za pili lazima zicheleweshwe, milisekunde 38 za umbali na nyingine 10 hadi 15 juu yake, ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka kwenye skrini. Mikisa yao, mashine ya kuchanganya sauti, haikuwa na kitufe cha kuchelewesha.

Wakaacha spika, wakapanga upya viti. Badala ya safu 15 za viti 10 ziliwekwa safu 8 za viti 14, ya kwanza mita 5 kutoka spika, ya mwisho mita 13.4. Kushuka kwa sauti kutoka mbele hadi nyuma kukawa chini ya desibeli 9. Mbele 80, nyuma 71. Jenereta ikahamishwa mita 50 kutoka safu ya mwisho, nyuma ya jengo, na huko ikawa inasikika kwa 51 au pungufu. Tofauti ikatoka desibeli moja hadi 20, bila kuongeza kifaa hata kimoja isipokuwa waya.

Waya huo unastahili sentensi chache. Projekta, spika, kompyuta na taa mbili za njiani zilikula wati 850, ambazo kwa volti 230 ni ampea 3.7. Waya wa mita 60 wenye nyuzi za milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 3 hivi kwa mzigo huo. Wa 1.5 hupoteza 5 na kidogo. Zote zinavumilika. Kisichovumilika ni ekstensheni iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake: joto halina pa kutokea, na plastiki huanza kulainika. Ifunguliwe yote hata kama unahitaji nusu yake. Mafuta yajazwe kabla, kwa sababu kujaza jenereta ikiwa ya moto ni kutafuta moto. Na kama kuna betri ya akiba ya UPS, ibebe kompyuta na projekta tu. Spika zikizimika kwa sekunde kumi watu watacheka, projekta ikizimika taa yake inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kukubali kuwaka tena.

Tafsiri iliyokimbia mbele

Hapa ndipo watu walipoanza kutoka kwa wingi.

Maandishi ya tafsiri yalikuwa kwenye faili la pekee, lililotengenezwa kwa nakala ya televisheni ya fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde. Nakala ya filamu iliyochezeshwa ilikuwa ya fremu 24. Nakala ya fremu 25 ni filamu ile ile ikikimbia kwa asilimia 4 zaidi: dakika 84 huwa dakika 80 na sekunde 38. Faili la tafsiri lililopimwa kwa nakala ya haraka, likiwekwa juu ya nakala ya polepole, hutangulia, na hutangulia zaidi kadiri filamu inavyosonga. Kwenye dakika ya 10 lilikuwa mbele kwa sekunde 24. Kwenye dakika ya 31 lilikuwa mbele kwa sekunde 74.

Dakika ya 31 ni mpiga gitaa ameketi kizingitini anafunga uzi mpya, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Chini ya kicheko hicho yakapita maandishi: kaka yangu waliniambia amefia njiani. Watazamaji wakatazamana. Zaidi ya dakika moja baadaye, uzi umekwisha kukazwa, mtu yule akainamisha kichwa na kuyasema maneno hayo kwa lugha yake, na chini yake maandishi yalikuwa yanazungumzia bei ya kukodi studio. Wachache walicheka. Kwenye picha ya dakika ya 35 viti vitupu vimeongezeka kumi na vitatu kuliko kwenye picha ya dakika ya 30.

Mchezeshaji hakukaa tu. Alikuwa anabonyeza kitufe cha kusogeza maandishi, akapata mahali yakalingana, akashusha pumzi. Baada ya dakika mbili yalikuwa mbele tena kwa karibu sekunde tano. Kusogeza hutibu kosa la aina moja tu, lile ambalo tofauti ni ile ile mwanzo hadi mwisho, kwa mfano nakala yenye nembo ya ziada ya sekunde 12 mwanzoni. Tofauti inayokua haitibiki kwa kusogeza. Namna ya kuzitambua ni kuangalia sehemu mbili: mstari wa kwanza wa mazungumzo na wa mwisho. Zikipishana kwa kiasi kimoja, sogeza. Zikipishana kwa viwango tofauti, kasi ndiyo mbaya, na kila muda kwenye faili uzidishwe kwa 25 gawanya kwa 24, yaani 1.0417. Programu nyingi za kuhariri maandishi ya tafsiri zinafanya hivyo kwa hatua moja ukiziambia kasi ya zamani na kasi mpya.

Kuna anayefikiri ni rahisi zaidi kuiharakisha filamu ilingane na maandishi. Kwa filamu ya wanamuziki usithubutu. Ukiiongezea kasi asilimia 4, sauti nzima hupanda kwa asilimia 70 ya nusu toni, na mwimbaji wa sauti nzito anaanza kufanana na mdogo wake. Programu zinazojaribu kuuzuia mpando huo huacha mapigo ya ngoma yakiwa na ukungu.

Kwa nini kosa hili halikuonekana kwenye majaribio? Kwa sababu majaribio yalikuwa dakika mbili za mwanzo, na dakika mbili za mwanzo ni wimbo. Hakuna tafsiri yoyote pale. Jaribio la maana huchukua robo saa: mstari wa kwanza wa mazungumzo, sehemu yoyote katikati, mstari wa mwisho, kwa kompyuta ile ile, waya ule ule na projekta ile ile ya usiku huo.

Na hilo neno "wimbo hauna tafsiri" lilipita kwenye mazungumzo yao kama jambo la kawaida.

Nyimbo zilizoandikwa "muziki"

Faili la tafsiri, kila lilipofika kwenye uimbaji, liliandika neno moja ndani ya mabano: muziki. Mara tisa. Kwa dakika 27 mtazamaji asiyejua lugha za waimbaji aliambiwa, kwa maandishi, kwamba hapa hakuna cha kusoma. Akafanya anachofanya mtu yeyote kwenye mapumziko: akatoa simu, akasimama kujinyoosha, akaenda zake. Zaidi ya nusu ya waliotoka walitoka wakati mtu anaimba.

Katika filamu ya aina hii wimbo ndio ushahidi, na mdundo wake unaweza kumdanganya asiyejua maneno. Vuyisile Mini, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyenyongwa mwaka 1964, alitunga wimbo ambao mgeni anaweza kuuchezea akidhani ni wa sherehe. Maneno yake yanamwonya Verwoerd, aliyekuwa waziri mkuu, kwamba mtu mweusi anakuja. Mwondolee mtazamaji maneno hayo, kisha mwulize muziki ulikuwa na nafasi gani katika siasa. Atakujibu kwamba uliwachangamsha watu.

Kutafsiri nyimbo hizo kulichukua jioni nyingi, lakini kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Kwanza waliomba kwa msambazaji orodha ya maneno ya filamu, waraka ambao karibu kila filamu ya maana inao. Nyimbo tano zilikuwa zimeshatafsiriwa humo kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuziingiza kwenye faili. Nne zilizobaki zilihitaji watu wanaozijua lugha zenyewe. Walikaa wawili wawili, mmoja akisema maana, mwingine akiandika huku akisikiliza mahali mwimbaji anapovuta pumzi, maana mstari unatakiwa kuingia na kutoka pamoja na pumzi hiyo.

Wimbo kwa kweli ni mwepesi kusomeka kuliko mazungumzo. Mtu anayeongea haraka anaweza kusema maneno ya herufi 60 kwa sekunde tatu, sawa na herufi 20 kwa sekunde, na hadhira iliyochanganyika ya wazee, vijana na watoto husoma vizuri 12 au 13. Mwimbaji huyo huyo akiimba anazitandaza herufi 60 kwa sekunde sita, yaani 10 kwa sekunde. Nafasi ipo tele. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40 hivi, kwa maandishi ya mlazo ili ijulikane ni uimbaji. Kiitikio kitafsiriwe mara mbili za kwanza, kisha kiachwe. Mtazamaji ameshakikariri, sasa mwachie macho yake aangalie mikono ya mpigaji. Wakati wa gitaa peke yake kusiwe na maandishi yanayoning'inia. Vina visilazimishwe. Tafsiri yenye vina humfanya msomaji asikilize mtafsiri badala ya mwimbaji. Faili lihifadhiwe kwa mfumo wa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama za juu, ambazo majina ya wanamuziki wa Afrika Magharibi yanazo nyingi, zitageuka kuwa viboksi.

Ruhusa

Waandaaji walikuwa wamenunua filamu na kuipakua, wakadhani yameisha. Kununua nakala ni haki ya kuitazama nyumbani. Kuionyesha hadharani ni haki nyingine, hata kama kiingilio hakuna, na msingi wa ulinzi huo unarudi hadi Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki. Akaunti ya kutazamia filamu mtandaoni nayo kwa kawaida hairuhusu hadhira. Waliandika kwa msambazaji wakiwa wamebakiwa na siku tisa, wakasaidiwa na bahati. Wiki sita ndiyo muda wa busara. Barua iseme tarehe, mahali, idadi ya watu inayotarajiwa, kama kuna kiingilio, lugha ya tafsiri, na faili la namna gani linahitajika. Hilo la mwisho husahaulika, ukaletewa nakala ya kukagulia yenye maandishi makubwa katikati ya uso wa kila mtu. Katika nchi nyingi muziki ulio ndani ya filamu unaonyeshwa kwa leseni ya pili, ya chama cha kukusanya mirahaba, na mwenye uwanja mara nyingine anayo tayari.

Mjadala uliouawa na buluu

Filamu ilipofika kwenye majina ya watengenezaji, mchezeshaji aliifunga. Skrini ikawa buluu, na katikati ya buluu hiyo faili za kompyuta ya mtu, pamoja na picha ya harusi. Taa kubwa ya uwanja ikawashwa. Viti vikaanza kukwaruza. Mwongoza mjadala alifika mbele baada ya dakika tatu, akamkaribisha mgeni wa kwanza kati ya watatu, ambaye aliongea dakika 12. Kisha swali likatupwa kwa wote: filamu hii imetufundisha nini?

Swali hilo lina jibu moja tu linalokubalika, na kila mtu analijua, ndiyo maana hakuna anayelitoa.

Mara ya pili, wiki tano baadaye, majina yaliachwa yapite na wimbo wake kwa sauti ya chini. Taa za njiani tu ndizo zilizowashwa. Mwongoza mjadala alisimama pembeni ya skrini majina yakiwa bado yanapanda, akaanza na tukio moja: mpiga gitaa anapokea karatasi ya malipo, anaikunja bila kuisoma. Aliuliza, kwa nini hakuisoma? Watu walipewa dakika tatu wazungumze na jirani zao kabla ya mkono wowote kuinuliwa. Wageni walikuwa wawili, dakika nne kila mmoja. Mmoja alieleza kwamba jina "muziki wa dunia" kama linavyotumika sokoni lilikubaliwa mwaka 1987 katika mkutano wa kampuni za rekodi mjini London zilizotaka rafu moja ya dukani kwa muziki wa kila mahali, na kwamba tuzo za Grammy ziliacha kulitumia jina hilo mwaka 2020. Mwingine alimleta Solomon Linda, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyerekodi "Mbube" mwaka 1939. Wimbo huo ulizunguka dunia kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, zaidi ya miaka 43 baada ya yeye kufa. Hapo mikono ikainuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamjua mtu aliyetia sahihi asichokisoma.

Maikrofoni ya kuzungushwa ilipiga yowe mara tatu. Aliyeibeba alikuwa anapita mbele ya spika kila anapohamia upande wa pili; njia yake inatakiwa iwe nyuma ya hadhira. Betri yake iliisha katikati ya mjadala, na ya akiba ilikuwa ndani ya gari lililofungwa.

Waliokuja usiku huo walikuwa 96, wachache kuliko mwanzo, maana habari za onyesho la kwanza zilikuwa zimeenea. Waliona mwisho 81, mjadala ukabaki na 58. Projekta ilikuwa ile ile.

Wimbo mmoja kati ya tisa ulibaki bila maneno. Mwenye haki za wimbo huo hakukubali utafsiriwe, na ruhusa ya kuonyesha filamu haibebi ruhusa ya kutafsiri mashairi yaliyomo. Ni wa dakika ya 58, wa dakika nne, sauti ya mwanamke na kinubi. Mwongoza mjadala aliwadokeza watu kabla ya filamu kwamba utakuja, na unahusu nini kwa jumla. Katika picha za usiku huo, kati ya dakika ya 55 na ya 65, viti sita vimebaki vitupu. Hakuna wimbo mwingine uliowatoa zaidi ya wawili.